Konkan au Galle: treni ya pwani kwenye mvua, ukitokea Dar upande ipi

Shemeji yangu wa Mbagala kapata likizo mwezi wa 7, siku kumi, na akili yake yote iko kwenye treni. Kila siku ananitumia video, moja treni inapita pembeni ya mawimbi, nyingine treni inapita chini ya maporomoko ya maji mvua inamwagika utadhani mbingu imetoboka, halafu anauliza "shem hii iko wapi nikate tiketi". Tatizo anadhani ni treni moja. Hizo ni nchi mbili. Ile ya mawimbi ni Sri Lanka, Colombo kwenda Galle. Ile ya maporomoko ni India, reli ya Konkan, inayotoka upande wa Mumbai kushuka Goa mpaka karibu na Mangaluru, na mtu akienda huku akitegemea kuona ya kule anarudi kanuna. Mi nimepanda zote mbili, Konkan ilikuwa mwezi wa 7 nilipomsindikiza mama mdogo kwenye matibabu Mumbai tukaambiwa majibu mpaka siku sita, Galle ilikuwa mwaka uliofuata mwezi wa 5 nilipoalikwa harusi ya jamaa niliyesoma naye. Shem nimemjibu kwa voice mpaka sauti imekauka, kwa hiyo naandika mara moja na mwingine mwenye wazo kama lake asome humu humu.

Kwa wasiopenda maelezo: unataka kuona bahari, nenda Galle. Unataka kuona mvua ikifanya kazi yake, nenda Konkan. Wenye muda tuendelee.

Najua kuna mtu atasema sasa si upande SGR ya hapa hapa, pesa yako ibaki nyumbani. SGR iko poa sana sipingi, ila bahari huioni. Inatoka mjini, Pugu, Soga, Ruvu, hiyo inakata bara. Ukiangalia vizuri reli zetu zote zinaipa bahari mgongo, ya kati inakimbilia Kigoma na Mwanza, TAZARA inakimbilia Kapiri Mposhi, ya Tanga ndo inaanzia karibu na maji lakini na yenyewe inapanda zake Korogwe, Moshi, Arusha. Pwani yote hii tuliyonayo hakuna treni hata moja inayofuata ufukwe. Kwa hiyo hapo nyumbani hatuna mgombea, tuendelee na hao wawili.

Tuanze na mvua yenyewe maana hapo ndo watu wanakosea mwezi. Sisi Dar mwezi wa 6 na wa 7 masika yameshaisha, asubuhi kuna kaubaridi, kusi linavuma, boti ya Zanzibar inarusha watu mpaka mifuko ya kutapikia inaisha. Sasa lile lile kusi ndo linaloenda kunyesha kule. Upepo unapanda na pwani yetu, unavuka ikweta, unapinda kulia, unakatiza bahari yenye joto ukinyonya maji, halafu unaenda kugonga ukuta wa milima ya magharibi ya India na kutua mzigo wote pale. Wazungu wanaita monsoon, na neno hilo limetoka kwenye Kiarabu mawsim, yaani msimu wetu huu huu tunaousema kila siku. Wazee wa majahazi walikuwa wanaijua hii kuliko mtu yeyote, walisafiri na kusi kwenda upande ule lakini walikwepa likichacha katikati ya mwaka kwa sababu bahari ya kule inakuwa haipitiki. Kwa hiyo ukikaa kwenye treni Ratnagiri, mji wa njiani kwenye Konkan, ukaona mvua inapiga dirisha, ujue upepo wake ulishapita Kunduchi kwanza.

Kwa kawaida mvua hiyo inaingia Sri Lanka mwishoni mwa mwezi wa 5, inafika Kerala, kusini mwa India, kama tarehe 1 Juni, na Mumbai kama tarehe 11 Juni. Ila namna inavyonyesha ndo inatofautiana, na hii ni sababu kubwa ya kuchagua. Konkan iko chini ya milima kabisa, mawingu hayana pa kwenda, inanyesha asubuhi inanyesha mchana unalala inanyesha. Mumbai mwezi wa 7 peke yake inapata zaidi ya milimita 700, na Dar yetu mwaka mzima ni kama 1,100, piga hesabu mwenyewe. Galle ni mvua ya kuja na kuondoka, inamwaga nusu saa, jua linatoka, nguo zinakauka, inarudi. Na mwezi wa 7 kule inakuwa imepungua ukilinganisha na wa 5. Kwa hiyo shem mwenye likizo mwezi wa 7, mvua ya uhakika iko India, ya Galle inaweza ikakubahatisha au isikubahatishe.

Sasa bahari. Hapa niseme kitu ambacho video hazikuambii: reli ya Konkan inaitwa ya pwani lakini bahari kwenye sehemu kubwa ya safari HUIONI. Nilikaa dirishani upande wa kulia tangu Mumbai, nikamnyima siti mzee wa watu, nasubiri bahari, mpaka saa sita mchana nimeona mashamba ya mpunga, mito, mahandaki, migomba, mashamba ya mpunga tena. Jamaa mmoja wa Ratnagiri niliyekuwa nakaa naye akacheka, akaniambia kwa Kiingereza cha kuunga unga kwamba bahari iko nyuma ya hivyo vilima, siku zote iko nyuma ya vilima. Reli imepita ndani kidogo, inakata mito inayoshuka milimani karibu na mdomo wa bahari. Unachoona ni ile sehemu mto umepanuka, mikoko, ngalawa zimefungwa kwa sababu msimu wa mvua wavuvi wanapumzika. Ukifika Goa kuna daraja la mto Mandovi na la Zuari, hapo unaona maji mengi mpaka macho yanashiba, na ukishuka kusini zaidi kuna Karwar, halafu Honnavar ambapo daraja la mto Sharavati lina zaidi ya kilomita mbili. Ila mawimbi yenyewe, kwa kubahatisha bahatisha tu.

Galle ni kinyume kabisa. Ukitoka stesheni ya Colombo Fort dakika chache tu bahari iko kulia kwako, na nikisema kulia simaanishi kwa mbali, namaanisha kuna reli, kuna mawe yamepangwa, kuna maji. Basi. Kuanzia Kollupitiya mpaka Mount Lavinia treni inapita hatua chache kutoka kwenye wimbi. Na hiyo ndo faida ya kwenda wakati wa kusi, maana watalii wengi wanaenda mwezi wa 1 bahari imetulia kama beseni. Mwezi wa 5 mi niliikuta ya kijivu, imechafuka, wimbi linapiga mawe linapaa juu kuliko behewa, upepo unalisukuma mpaka ndani. Mama mmoja wa mbele yangu alikuwa amempakata mtoto, wimbi likarusha chumvi ikampiga mtoto usoni, mtoto akalamba midomo, akaangalia dirisha, akacheka, akafungua mdomo akisubiri lingine. Kila ikikaribia sehemu ya mawe anafungua mdomo. Mpaka Panadura tulikuwa tunamwangalia yule mtoto kuliko bahari.

Halafu Kalutara treni inavuka mto mkubwa na pale pale kuna stupa kubwa jeupe la Wabudha, mvua ikiwa imetoka kunyesha linang'aa. Kati ya Ambalangoda na Hikkaduwa kuna sehemu inaitwa Peraliya, pale kuna mnara wa kumbukumbu. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliikuta treni pale imejaa watu, wakafa zaidi ya 1,700, ndo ajali ya treni iliyoua watu wengi kuliko zote duniani. Ni tsunami ile ile iliyofika mpaka kwetu Dar ikaondoka na watu waliokuwa wanaogelea. Siti ya pembeni yangu mzee mmoja alivua kofia tulipopita, hakusema kitu. Na mi nikavua.

Upande wa muda Galle ni ya mtu mwenye haraka. Colombo mpaka Galle ni kama kilomita 115, fikiria Dar Chalinze, masaa mawili mpaka mawili na nusu umefika. Unaenda asubuhi unakula mchana ndani ya ngome ya Galle, waliyoanza Wareno halafu Waholanzi wakaijenga upya kubwa, ukiwa umekulia karibu na Mji Mkongwe utajisikia nyumbani, jioni unarudi. Konkan ni safari. Mumbai mpaka Madgaon, ambayo ndo stesheni kubwa ya Goa, ni kama kilomita 580, hapo fikiria Dar Moshi na nyongeza kidogo. Treni ya haraka kabisa kiangazi ni chini kidogo ya masaa 8, lakini msimu wa mvua hiyo hiyo inakuwa kama masaa 10, na zile za kawaida ni siku nzima umekaa.

Kwa nini inapungua mwendo, hapa kuna stori ambayo mtu akiijua anapunguza kulalamika. Reli ile imejengwa kuanzia mwaka 1990, ikafunguliwa yote tarehe 26 Januari 1998, ina mahandaki 91 na madaraja karibu 2,000. Wameikata kwenye milima ya udongo mwekundu na mawe, udongo ambao ukishiba maji unashuka. Mwaka 2003 mwezi wa 6 treni iliacha njia karibu na Vaibhavwadi kwenye mvua wakafa watu kama 50, mwaka uliofuata mwezi huo huo nyingine ikaanguka kwenye daraja la Amboli. Baada ya hapo ndo wakakaza kweli kweli. Kuna ratiba maalum ya msimu wa mvua, miaka mingi ilikuwa inaanza tarehe 10 Juni mpaka mwisho wa Oktoba, mwaka 2025 wakaifupisha ikawa 15 Juni mpaka 20 Oktoba. Mvua ikizidi dereva haoni mbele anashuka mpaka kilomita 40 kwa saa. Madaraja marefu yana vipima upepo. Na kuna watu zaidi ya 600 wanaotembea kwa miguu kwenye reli kukagua, usiku na mchana. Mmoja nilimwona kabla ya handaki, amesimama pembeni kwenye kibanda, koti la mvua mpaka magotini, bendera ya kijani imelowa imeshikana na fimbo yake, anaipepea lakini haipepei. Mnaoijua reli yetu ya kati mnaelewa, pale Kidete na Gulwe mto ukikasirika masika unabeba tuta lote, tofauti ni kwamba kule kila kona ni Gulwe.

Na pamoja na hayo yote bado mlima unaweza kushuka. Tarehe 14 Julai 2024 udongo uliporomoka karibu na Khed treni zikasimama karibu siku nzima. Kwa hiyo sheria moja tu ya Konkan: usipange ndege siku unayotoka kwenye treni. Weka siku moja katikati, mbili kama una mgonjwa. Mtu mwenye siku tano nzima nzima kutoka Dar mpaka kurudi Dar mi namwambia wazi aachane na Konkan msimu huu, akapande kiangazi. Reli ya Galle nayo inaweza kuchelewa lakini ikikwama barabara iko pale pale pembeni unadandia basi unamaliza, na mabasi ya kule wallahi wanaendesha kama wamefukuzwa, daladala za Gongo la Mboto zikasome.

Haya, tuseme umechagua Konkan. Kazi haijaisha maana unatakiwa uchague na treni, na hapa ndo watu wenye pesa wanapoteza. Kuna Vande Bharat, imeanza njia hiyo Juni 2023, ni ile ya kisasa, pua kama ndege, inatoka Mumbai alfajiri saa 11 na nusu hivi, AC, chakula kinaletwa. Msimu wa mvua inapunguza siku, kutoka sita kwa wiki kuwa tatu, kwa hiyo angalia kalenda. Safi, lakini madirisha hayafunguki na milango inajifunga yenyewe. Umekaa kwenye friji unaangalia mvua kama unaangalia kwenye tivii. Kuna Tejas na kuna Jan Shatabdi, hizi zina behewa moja moja la vioo wanaloliita Vistadome, vioo mpaka kwenye dari na siti zinazunguka, hili kwa mtu mwenye wazazi au mtoto mdogo ndo zuri kuliko yote, mvua inapiga juu ya kichwa chako na hulowi. Ubaya ni kwamba siti ni chache sana zinaisha haraka na bei yake imechangamka.

Halafu kuna Mandovi Express. Inatoka Mumbai, stesheni ya CSMT, saa moja na dakika kumi asubuhi, inasimama kila mahali, kiangazi ni kama masaa 12 na mvua inaongeza. Wahindi wenyewe wanaipendea chakula, wana jiko ndani na wahudumu wanapita mfululizo yaani hujamaliza kumeza wamerudi. Bhajia za vitunguu, vada za viazi ambazo ukikata ni kama katlesi yetu tu ila imevaa unga wa dengu, chai ya tangawizi kwenye kikombe cha karatasi kidogo cha mikunywo mitatu. Mi niliipanda hii, behewa la kulala lisilo na AC, dirisha la nondo linalofunguka. Na nasimamia hapa hapa, kama umefuata mvua basi ukae mahali ambapo mvua inaweza kukufikia. Kwenye AC kioo kina ukungu na mikwaruzo, huoni kitu. Kwenye dirisha wazi unanusa. Udongo, majani, moshi wa kuni kwenye vijiji, ukiingia handakini hewa inageuka baridi ya ghafla na harufu ya jiwe bichi, Karbude handaki lina kilomita sita na nusu, ni kama Posta mpaka Manzese chini ya mlima, watoto wa behewa zima wanapiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Ukitoka mwanga unakupiga na maporomoko yanashuka pembeni, mengine hayana hata jina, ni maji tu yameamua kupita hapo kwa miezi minne. Karibu na Ratnagiri kuna daraja la Panval, urefu wake kutoka chini ni mita 64, ghorofa ishirini hivi, wingu lilikuwa limekaa chini yetu.

Gharama ya dirisha wazi ni hii: utalowa. Simu yangu niliiegesha kwenye nondo nichukue video, mvua ikabadilisha upande, simu ikazima Chiplun ikawaka Goa. Mama mdogo alikuwa na kanga mbili, moja ikawa pazia na nyingine ikawa taulo, zikatuokoa. Usisafiri kule bila kanga, koti la mvua linakupikia jasho tu.

Siti, upande wa Konkan ukiwa unashuka kusini milima iko kushoto na ndiko yanakotokea maji mengi, kulia unapata mabonde na mito inavyofunguka. Mi ningerudia ningekaa kushoto nusu ya safari na kulia nikikaribia Goa. Galle haina mjadala, kulia kwenda.

Na kuna watu watawaambia kwamba kwenye Konkan mtaona Dudhsagar, yale maporomoko makubwa meupe ambayo treni inapita mbele yake. Siyo. Dudhsagar ina mita 310 na ni kweli treni inapita pale, ila ni reli nyingine inayopanda mlima kutoka Goa kupitia Kulem kwenda Castle Rock. Ukiwa Madgaon unaweza kuongeza siku ukaipanda, lakini usishuke kwenye reli kupiga picha, wamepiga marufuku na wanakamata.

Tiketi. Galle ni rahisi, treni za kawaida unaenda dirishani siku ile ile unakata daraja la pili au la tatu unapanda, pesa yake haifiki nauli ya basi la Dar Morogoro. Epuka asubuhi na jioni ya wafanyakazi maana utasimama kama Mwendokasi ya Kimara. India ni mtihani. Tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla, zamani ilikuwa 120 wakabadilisha Novemba 2024, na za Goa zinagombaniwa. Jifunzeni herufi mbili tatu: CNF umepata siti, RAC mnakalishwa wawili kwenye kitanda kimoja cha pembeni, WL uko foleni HUNA siti. Kuna wakala mmoja wa hapa mjini, jina nalihifadhi, alituuzia WL akasema "iko poa boss hiyo inajipanga yenyewe". Haikujipanga. Bahati nzuri tuligundua siku tatu kabla kupitia kwa dada wa mapokezi pale tulipofikia, akatusaidia kupata nyingine. Kwa hiyo tiketi ukipewa soma hiyo sehemu kwanza kabla hujatoa hela.

Kufika huko: Mumbai kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, Colombo lazima ubadilishe, wengi wanapitia Doha au Dubai, na masaa ya kukaa uwanjani yanaweza kula ile faida yote ya treni fupi. Viza zote mbili unaomba mtandaoni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano weka pamoja na pasipoti, usiiache kwenye begi kubwa.

Ukisafiri na mgonjwa anayepata nafuu, nisingempeleka Konkan kwenye behewa la wazi hata kidogo. Mama mdogo alikuwa mzima wa afya, tulienda kwa vipimo tu, na bado siku ya pili kiuno kilimkatalia. Ila kama tayari uko Mumbai kwa matibabu na una siku za kusubiri, basi Konkan inakuja kama zawadi, huna haja ya ndege nyingine. Vijana wenye begi la mgongoni, Konkan, Mandovi, msifikirie mara mbili. Wanaoenda fungate, Galle, maana masaa kumi na mbili kwenye siti ya nondo yanaweza kuvunja ndoa changa. Mpiga picha, Galle kwa mawimbi, Konkan kwa kijani, ile kijani sijaiona popote, hata Matombo baada ya masika haifiki. Mpenda historia apate zote, Wareno walikaa Goa kuanzia 1510 mpaka India ilipowatoa Desemba 1961, siku kumi tu baada ya sisi kupandisha bendera yetu, na hawa hawa ndo walioisumbua Kilwa. Utakuta makanisa yao yamelowa yameota ukungu mweusi, yanapendeza kwenye mvua kuliko kwenye jua.

Halafu hili la milango. Nchi zote mbili milango ya treni za kawaida inakaa wazi na vijana wananing'inia, hasa Sri Lanka watalii wanatoa mwili wote nje kwa ajili ya picha. Chuma kimelowa, mwamba na nguzo ziko karibu. Kaa chini mlangoni kama lazima ukae, shika chuma, miguu ndani.

Shem nimempigia jana usiku nikamsomea yote haya. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: mtoto wake wa miaka minne analipiwa nauli? Nikajua kashachagua, maana hakuna mtu atakaa na Junior masaa kumi na mbili kwenye treni inayopita mahandaki. Anaenda Galle. Mvua asipoikuta atanilaumu mi, nimeshajiandaa. Nimemwambia akae kulia akienda, kushoto akirudi, na Junior afungwe kanga kiunoni, upande mmoja kwa mama yake upande mwingine kwake, afungue mdomo anavyotaka.